Mkono Ulioshika Sikio

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Mvua za Elnino ziliozesha mahindi yetu Rhotia, tukala ya msaada, yenye harufu ya gunia. Kwa unga ule mjukuu wangu Paskalina alirefuka kama nguzo, majirani wakiniuliza nampikia nini. Baba yake, mwanangu Safari, alikuwa amekufa, nami nilitamba na mtoto wake kama mwenye ng'ombe mia. Enzi hizo shuleni hawakuuliza cheti cha kuzaliwa. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, basi ana miaka saba, aandikishwe. Paskalina alipopimwa, miaka mitatu kabla ya ugali huo, alikuwa na minne. Hakuligusa sikio, alilishika lote akalivuta! Wakubwa wake walirudishwa nyumbani, mimi nikapiga vigelegele. Ujinga wangu huo.

Mwaka huo wa ugali wa njano ndipo alipotimiza saba kweli, yuko darasa la tatu, na kwa urefu amelingana na wasichana wa darasa la saba. Mwalimu wa michezo alinifuata hadi jikoni. "Bibi, twiga wako huyu atatuletea kombe!" Nikacheka, nikamwachia. Wiki haikuisha, akamrudisha kutoka mazoezi ya mbio amembeba mgongoni, midomo ya mtoto imekuwa ya kijivu. "Bibi," Paskalina aliniambia, "moyo unagonga mlango."

Hospitalini daktari alimwambia akunje kidole gumba ndani ya kiganja, afunge ngumi. Kidole kikachungulia upande wa pili. Nilitaka kukisifia na hicho! Daktari hakucheka.

"Bibi, baba yake alikuwa mrefu hivi?"

"Angeinama mlangoni kwako."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia: alianguka akipalilia maharage, ameshika kifua, hakusema tena. Ndipo akanieleza polepole. Ni ugonjwa adimu wa kurithi, mzazi humpa mtoto. Hurefusha mifupa, huharibu macho, hutanua mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Akikimbizwa, mshipa unaweza kupasuka. Nikakaa sakafuni. Miaka mitano nilimnyima salamu jirani yangu Mama Tluway, nikisema amemroga Safari. Miaka mitano! Kumbe kilichomuua mwanangu ndicho nilichokuwa nikijivunia barabarani. Kizuri hakikosi ila, lakini mimi ila nilikuwa naipigia vigelegele. Kabla ya kufika kwangu nilipitia kwa Mama Tluway, nikampa ile salamu ya miaka mitano. Akanimiminia uji, wa unga uleule wa njano.

Mwalimu alirudi. "Bibi, akipumzika wiki mbili tu..." Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Huyu hakimbii. Kombe nendeni mkalinunue."

Siku hizi watoto huandikishwa kwa cheti, hakuna anayepima sikio. Paskalina anashona nguo Karatu mjini, ana miwani mizito, anameza dawa ya moyo kila asubuhi. Yu hai. Mwanawe, ninayemlea hapa Rhotia, ana miaka minane na vidole vya Safari, virefu vilevile. Juzi mkufunzi wa mbio alishuka kwenye bodaboda na viatu vipya, anasema miguu ya mtoto yule ni dhahabu. Nilipotoka nje, mtoto alikuwa ameshavivaa, anaruka-ruka, anacheka. Nikainama na magoti yangu haya, nikamvua kimoja, nikamvua cha pili, nikamrudishia mkufunzi viatu vyake.

"Huyu hakimbii. Kombe nendeni mkalinunue."