Ubeti wa Makuli wa Itungi

Kwenye lile shamba la sanaa na elimu karibu na Talatala hawakuuliza cheti. Sharti lilikuwa moja: ukitaka kukaa, ufundishe kitu. Wachoraji na wanamuziki wenye majina makubwa walikuja, wakafundisha, wakapalilia mpunga. Mimi niliacha shule darasa la tano, na nilitamani mno kubaki pale.

Zamu yangu ilipofika, nikafundisha wimbo niliousikia katika kila duka la Ipinda, miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na redio zikajaa madukani. Watu wakaanza kucheka. Mama msimamizi akanionyesha mzee aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni.

“Mwenye wimbo ni yule, mwanangu.”

Nikajua sina jipya la kufundisha, na itanibidi niondoke. Mzee akaweka kisu chini.

“Ubeti wa mwisho, wa gunia lililokataa kupanda meli, si wangu. Umeutoa wapi?”

“Kwa makuli wa bandari ya Itungi, mzee. Wanauimba wakipakia.”

“Basi nifundishe huo. Taratibu, masikio yamezeeka.”

Niliurudia mpaka akaushika. “Ndaga,” akanishukuru, akanisogezea ndizi nimenye. Mama msimamizi akaenda kunitafutia mkeka wa kulalia.