Kigongo cha Baba Kisichorudi

Bibi yangu, mama yake baba, aliteremka Ibra, huku Omani, na kasha lililofungwa kamba, akasema hatolifungua mpaka arudi Unguja. Miaka ikapita, kamba ile ile. Akikaa kibarazani, alikaa kama msafiri anayesubiri gari. Jambo hilo lilimuuma baba kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Siku moja baba, aliyekuwa karani wa watengeneza barabara, alikuja na bumerangi, kigongo kilichopinda alichopewa na mhandisi wa Australia. Akatuhutubia historia nzima. Wenyeji wa kule wamekirusha tangu enzi na enzi. Cha kuwindia ni kizito na hakirudi, kinachorudi ni chepesi, cha mchezo. Hata wafalme wa Misri walizikwa na vigongo vya namna hiyo.

"Wamezikwa navyo, wao wamerudi?" bibi akauliza.

"Hiki kinarudi, mama. Mpaka mkononi."

"Haya. Kikirudi, nalifungua kasha."

Masikini baba! Kila Ijumaa alasiri alikirusha wadini, kwenye bonde kavu la mto, nacho kikapotelea mitendeni. Lakini Ibra kitu cha mtu hakipotei. Baada ya muda, mwanamke aliyekuwa akikata majani ya mbuzi alibisha mlangoni kwetu, kigongo mkononi: "Hadha haqqkum?" yaani, hiki ni chenu? Kukirudisha na kuondoka hapo hapo ni utovu wa adabu. Lazima aingie, bibi amuulize habari, ajibu hakuna ila za heri, tende ziliwe, kahawa inywewe, ndipo maneno yenyewe yaanze.

"Kimekuja kwa miguu," bibi alimcheka baba. "Hiyo haimo katika ahadi yetu."

Mara wakaanza kuja wawili, watatu, na watoto wao. Nashuku mwishowe walikuwa wakikivizia. Kiarabu cha bibi kilikuwa cha kuchechemea, nao walimcheka mbele yake, naye akawacheka wao.

Ijumaa moja nilimkuta bibi amepiga magoti, anakata kamba kwa kisu cha jikoni. Ndani ya kasha, katika kanga, mlikuwa na vikombe vyake vya kahawa, vizima vyote.

"Wageni wanangojana vikombe," alisema bila kunitazama. "Aibu gani hii."

Baba alisimama mlangoni, macho yamemjaa machozi. Bibi akamwona.

"Na wewe unangoja nini? Nenda karushe kigongo chako, kahawa ishaiva."