Darubini Isiyo na Pa Kuchungulia

Kuna watoto mtaani kwetu Nzuguni wananiita Mzee Mwandamo, na mimi naitika, maana nikikasirika nitamkasirikia nani wakati aibu hii niliipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe?

Mimi ni mpiga picha wa harusi, ofisi yangu iko Makole, na kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kupiga picha za anga la kwetu wakati wa kiangazi, ukitoka kidogo tu nje ya mji nyota zimejaa hadi unajisikia mdogo. Nikaanza kutafuta darubini. Nilihangaika, jamani! Kuna zile ndefu zinazovuta kitu kimoja mpaka kinajaa kioo kizima, na kuna hizi ndogo za lenzi, fupi kama chupa ya chai, hazivuti sana ila zinachukua anga pana, kilimia, kile kishada cha nyota, na majirani zake wote kwenye picha moja. Nikachagua fupi, na hapo sijuti hata kidogo. Ila muuzaji aliniuliza, "Kaka, nikuwekee na kipande cha kuchungulia? Hii inakuja bila, ni ya kufunga kamera." Nikamjibu kwa maringo, "Jicho langu ni kamera." (Maneno mengine bora mtu uyameze.)

Sasa mama mkwe wangu, Bi Zuhura, akaja kutoka Kondoa kumalizia mfungo kwetu. Macho yake yana ukungu, ana miaka hajauona mwezi mwandamo, kila Idi anaambiwa tu umeonekana naye anaamini. Akaipapasa ile darubini sebuleni, akauliza, "Baba, mtu akichungulia humu haoni mwezi?" Badala ya kumwambia kwamba haina hata pa kuchungulia, nikasema, "Mama, mwaka huu utauona kwa macho yako mwenyewe." Mke wangu akanikata jicho. Nikajipa moyo kwamba nitamkuzia kwenye kioo cha kamera.

Furaha ile Bi Zuhura angeificha wapi? Aliwaambia wanawake wa tarawehe, nao wakawaambia waume zao, basi jioni ya ishirini na tisa, tende hazijashuka vizuri kooni, uwanja wangu umejaa watu, wazee wamepewa viti, na mimi nimesimama katikati kama bwana harusi. Magharibi kulikuwa na vumbi la upepo, mwezi haupo. Natafuta huku, natafuta kule, jasho linanitoka, nasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Bado tu?" Mara, chini kabisa juu ya mapaa, kwenye kioo cha kamera kikatokea kitu cheupe, chembamba, kimepinda vizuri. Nilikuwa nimeweka alama ya utepe pale lenzi inapotulia kwa nyota, picha ikawa kali, lakini hiki hakikutulia mpaka nikaupita ule utepe mbali. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza. Mimi nilizungusha tu.

"Huu hapa!"

Wazee wawili wakatazama kioo, wakaridhia. Bi Zuhura akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kamera, nikamkuzia, kisha akasema, "Nauona. Alhamdulillah, jamani, nauona!" na machozi yakamtoka. Takbira zikaanza, mke wangu akamkumbatia mama yake, mwingine anampigia simu nduguye wa Chang'ombe. Wote tulikuwa tumekodolea kioo, hakuna aliyeinua macho kutazama mbele.

Mwezi ukazimika.

Pa! Giza. Kisha ukawaka tena. Takbira zikafia midomoni mwa watu. Ng'ambo ya uwanja, Baba Neema, jirani yetu Mgogo, akatokea barazani kwake mkono ukiwa kwenye swichi, akapaza sauti, "Jirani, kuna nini? Mbona mnapiga picha dishi letu?"

Taa yake ya baraza ilikuwa inamulika ukingo wa dishi la televisheni, kitu cha karibu, ndiyo maana utepe niliupita. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja akasema, "Kijana, kesho tungefungua kwa ushahidi wa dishi?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, isipokuwa Bi Zuhura, aliyejifuta macho kwa ncha ya kanga akaingia ndani. Ile iliniuma kuliko vicheko vyote.

Kesho yake tukafunga. Magharibi mwezi ukawa wazi, wa kila mtu. Nikafunga kamera, lenzi ikatulia palepale kwenye utepe, nikamwita mama. Akatoka, akapita kioo bila kukitazama.

"Achana na hicho, baba. Wewe mwenyewe unauona? Kwa macho?"

"Nauona, mama."

"Basi niambie ukoje."

Nikamwambia ni mwembamba, umelala chali, pembe zinatazama juu, na chini yake kuna wingu dogo jekundu. Akageukia nilikonyoosha kidole, akainua mikono, akaomba dua ndefu. Kipande cha kuchungulia nimeshaagiza, lakini nimeapa simwahidi tena mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitazama.

Alipomaliza akashusha mikono, akaniuliza taratibu, "Na taa ya Baba Neema?"

"Imezimwa, mama."

"Haya. Idi njema, mwanangu."