Nilifua Koti la Mumewe, Nikakana

Jamani, nilikosa, na sitaki mtu anifariji. Mwanamke mzima, Mkenya, mwalimu wa chuo hapa Durban, nimesoma mpaka naitwa daktari, halafu nikaacha bibi wa watu aonekane amerukwa na akili kwa sababu niliona haya kutamka neno moja: nilifua.

Ngoja nieleze. Mimi hukusanya vitu vya zamani vya watu weusi: picha, kadi za vyama vya wafanyakazi, mabango, na zile pasi ambazo kila Mwafrika wa hapa alilazimishwa kutembea nazo enzi za ubaguzi. Nyumba yangu ya Sydenham imejaa, hata meza ya kulia sina tena.

Rafiki yangu Espérance, Mrundi anayeuza mitumba Isipingo, amepanga chumba kwa mjane mmoja mzee. Sote tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Mumewe alikuwa kuli bandarini tangu siku za kubeba magunia mgongoni, kabla ya makontena. Gogo ana hadithi za bandari ile ambazo sijazikuta kwenye kitabu chochote. Nilikuwa nikienda kumsikiliza, Espérance akitafsiri, mimi nikirekodi kwenye simu.

Nilipoandaa maonyesho chuoni, Gogo alinipa pasi ya marehemu na picha zake bila maneno mengi. Koti lake la kazi ndilo alilolishikilia. Mwishowe akaniazima kwa sharti moja: lirudi kama lilivyo. Nikaapa!

Sasa lile koti lilinuka, jamani. Jasho, grisi, tumbaku, na miaka ya kukaa kabatini. Nikawafikiria wakubwa wa chuo watakaokuja na suti zao. Ile pasi niliishika kwa glavu kama yai. Koti nikalitupa kwenye mashine, nikamimina sabuni na dawa ya kunukiza nguo. Nilitaka historia ya watu weusi, ila isinuke. Aibu gani hii!

Siku ya maonyesho Gogo alikuja na sare yake ya kanisa, pamoja na wanawe wawili, wa kiume na wa kike, na Espérance. Akaenda moja kwa moja kwenye koti, akainua mkono wa koti, akauweka puani. Akanusa tena.

"Hili si lake," akasema.

"Ma, ni lenyewe," mwanawe wa kiume akamwambia. "Kiraka hiki ulikishona wewe."

"Kiraka ni changu. Koti si lake." Akanigeukia. "Mwanangu, umelifanya nini?"

Espérance akatafsiri. Watu wote walikuwa wanatutazama, na bosi wangu akiwa hapo hapo na glasi yake ya juisi. Nikajibu, "Sijalifanya kitu, Gogo. Liko vilevile."

Yule mwanawe akanivuta kando. "Sorry, Doctor. Eish, Ma amezeeka." Na mimi nikatabasamu! Nikamwambia hakuna shida.

Maonyesho yalipoisha nikamrudishia koti lake. Baada ya wiki kadhaa Espérance alinipigia simu. "Dada, huku kwa Gogo iko shida. Batoto wamemupeleka kwa docteur, wanasema kichwa yake inaharibika. Wamechukua funguo zake. Jiko, hapana kugusa. Na ile koti, kila dimanche, Jumapili, mbele ya kwenda kanisa, alikuwa anafungua kabati, anaweka sura ndani, anamusalimia bwana yake. Sasa anafungua, anafunga."

Mngedhani nilikwenda mbio kusema ukweli. Wapi! Nilikwenda na simu yangu kurekodi kama kawaida, nikijidanganya kwamba mambo yatajinyoosha yenyewe. Gogo akakataa.

"Tafuta mwingine," alisema. "Mimi naweza kukudanganya bila kujua."

Huyu ni mwanamke aliyenitajia jina la kila mwanaume aliyelala chumba kimoja na mumewe kwenye hosteli ya makuli! Nililia kwenye taxi, matatu za huku, mpaka abiria wa pembeni yangu akanipa kitambaa chake.

Jumapili iliyofuata nilirudi, nikasema mbele ya wanawe. Nilifua. Nilidanganya. Pua ya Gogo ilikuwa sawa na kichwa chake ni kizima, mimi ndiye mwongo. Binti yake aliziba mdomo. Mwanawe akasimama, nikajua leo napigwa. Gogo hata hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mwanawe, kiganja amekinyoosha.

"Funguo zangu," akasema.

Alipozipata akalia. Kisha akamwambia Espérance aniambie nitoke, na pasi na picha zirudi. Nilizirudisha zote. Hadithi za bandari hatanisimulia tena, na Espérance siku hizi hunijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Ninyi mnaokusanya vitu vya wazee, mkiazimwa kitu ulizeni kabla hamjakigusa. Na mkikiharibu, semeni pale pale, hata mbele ya wenye suti! Msimwachie mzee wa watu abebe uongo wenu kichwani mwake. Mimi nilisema, lakini nilichelewa, na kuna kitu hakirudi hata ukiomba radhi kwa magoti.

Espérance anasema Gogo bado anajaribu. Kila Jumapili anafungua kabati, anaweka uso kwenye koti la mumewe, ananusa sabuni yangu, na anayemkuta humo ni mimi.