Mayai Tisa na Bodi Yangu ya Kwanza

Mwewe alimchukua kuku bora wa mama Jumatatu asubuhi, uani kwetu Ruring'u, akaacha mayai tisa aliyokuwa ameyaatamia siku chache, yakiwa bado na joto. Kuku yule alitaga kuliko kuku wote wa mlima mzima, na wa Kiriaini ukiwaongeza. Mama hakulia. Aliyafunga mayai kwa leso, akayaingiza chini ya sweta, akasema mbegu hiyo haipotei.

"Mama, niachie mimi. Bodi yangu itayaatamia."

"Bodi gani? Si hiyo imeshindwa kuwasha hata taa?"

Kweli. Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea kwisha, nami nikisoma masomo ya jioni mjini. Mwalimu alitufundisha kuunda bodi, kibao cha elektroniki chenye chipu moja inayofuata maagizo unayoiandikia. Yangu ilikufa kabla ya kuzaliwa. Jioni hiyo mwalimu aliitazama mara moja tu.

"Ulilehemu na nini?"

"Na dawa ya fundi wa mabati wa Gatitu. Akiziba mtungi nayo hauvuji miaka kumi."

"Bwana, hiyo ni asidi! Imekula nyaya zote. Ulikuwa unaunda bodi ama mfereji?"

Darasa lilicheka paa likataka kung'oka. Nikaanza upya, siku mbili nzima, nikichoma vidole hadi majirani wakauliza nani anachinja. Siku hizo mama aliatamia mwenyewe. Alisalimia watu kwa mbali, na kwenye maombi ya akina mama akakataa kupiga magoti, ati yanauma. Mhubiri akayaombea magoti.

Jumatano bodi ikafufuka. Joto likishuka ndani ya boksi nililoyawekea mayai, inawasha balbu ya kuyapasha, likizidi, inaizima. Lakini stima ikipotea ilisahau kila kitu, na ilibidi niibonyezee maagizo upya, nambari mia na zaidi. Na Julai ile stima ilipotea kila mlima ulipopiga chafya. Mayai yalirudi chini ya sweta, na stima ikirudi mama alivaa miwani, akashika daftari langu la maagizo, akanisomea kama anayetangaza nambari za nyimbo kanisani.

"Arobaini na moja. Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Usinidanganye. Kuna watoto humo."

Majuma mawili na kitu yakapita hivyo. Ndipo asubuhi moja tukasikia kitu kinagonga ndani ya ganda. Kufikia saa sita mayai sita yalikuwa yamepasuka. Matatu yalinyamaza, mama aliyaweka sikioni moja moja, muda mrefu, kabla ya kuyatenga. Kisha akachukua kifaranga kimoja kilichokuwa bado kimelowa, akakiweka kiganjani mwangu, akamwita jirani kupitia ua.

"Kuja uone! Kijana yangu ameatamia!"

"Ala! Kwa hivyo wewe sasa ni nyanya?"

"Wa wajukuu sita," mama akasema, na akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.