Ugonjwa wa Mabwanyenye

Saratani ya pili niliigundua mwenyewe bafuni, nikiwa nimejimwagia kata ya kwanza tu ya maji ya moto, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukasirika. Sikulia wala sikuomba. Nilikasirika kama mwanamke aliyemaliza kufua akaoneshwa rundo lingine la nguo nyuma ya mlango. Titi la kushoto nilikuwa nimekatwa miaka michache baada ya Uhuru, nikapona, nikarudi darasani kufundisha. Sasa ulikuwa wakati wa vijiji vya Ujamaa, nina miaka arobaini na saba, na ndani ya titi la kulia kulikuwa na kijiwe kidogo kama punje ya hindi, kigumu, kisichouma.

Mume wangu, fundi seremala, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole, alinipeleka kwa basi hadi hospitali ya misheni. Kwetu ni milimani, juu ya Mlalo, na safari hiyo ilituchukua siku nzima. Daktari alinipapasa, akakata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka kupimwa mbali. Tulirudi nyumbani kungoja. Tulipoitwa tena, alinikalisha kitini akaniambia bila kuzunguka.

"Mama, ni saratani. Lakini si ile ya zamani iliyorudi. Hii ni nyingine kabisa, na bado changa. Tukiitoa mapema, nina matumaini makubwa."

"Basi itoe," nikamwambia. "Leo hii."

Akatikisa kichwa. Mezani kwake kulikuwa na kichupa chembamba cha kioo. Alikuwa ametia humo dawa ya buluu na matone ya mkojo wangu, akavichemsha. Mkojo usiokuwa na sukari huiacha dawa hiyo buluu. Ukiwa na sukari kidogo, inageuka kijani. Yangu ilikuwa nyekundu kama tofali.

"Kwa sukari hii nikikukata, kidonda hakitafunga," akasema. "Kitaoza, na nitakuwa nimekuua mimi. Nenda nyumbani wiki tatu. Choma sindano zako, usiguse kitu kitamu. Ukirudi na kijani nitakupasua. Ukirudi na hii nyekundu, siwezi, na uvimbe nao hautatusubiri."

Kisukari nilikuwa nacho mwaka wa nne. Presha ilikuja baadaye, ikajikaribisha yenyewe. Kila asubuhi mume wangu alichemsha bomba la sindano la kioo kwenye sufuria iliyokuwa haipikiwi kitu kingine, akanichoma pajani, akaenda zake karakana. Kijijini hakuna aliyejua. Presha nilikuwa naitaja hata kwa kujisifu kidogo, lakini kisukari nilikificha kama mtu anavyoficha mtoto wa nje.

Sababu yake leo inanichekesha. Siku zile ilisemekana kisukari ni ugonjwa wa mabwanyenye, wa watu wanaokula na kulala huku wengine wakiwatolea jasho. Nami ndiye niliyekuwa nikifundisha siasa shuleni! Asubuhi nawaeleza watoto ubaya wa kabaila na mnyonyaji, jioni nawafundisha mama zao kusoma na kuandika kwenye darasa la watu wazima, Jumamosi natangulia na jembe langu kwenye shamba la kijiji. Ningesimamaje mbele yao niseme nina ugonjwa wa matajiri? Mimi niliyekuwa na viatu viwili tu, kimoja kimeshonwa upande?

Lakini habari ya uvimbe haikufichika. Mtu aliyekwisha kukatwa mara moja, akionekana kwenye basi la hospitali, kijiji kinajua kabla hajashuka. Wiki hiyohiyo wanafunzi wangu wa jioni wakaanza kuja kunipa pole.

"Onga makeo, Mwalimu," walibisha mlangoni kwa salamu ya Kishambaa, na baada ya salamu hiyo kila mmoja alitoa kifuko cha gazeti kilichosokotwa. Ndani yake sukari.

Lazima nieleze sukari ilikuwa nini. Duka la kijiji liliipata kwa nadra, ikagawiwa kwa orodha, kila kaya kipimo chake. Wale wanawake waliwanyima watoto wao wakaniletea mimi. Tena kwetu sukari ya mgonjwa haiwekwi kabatini. Inachemshiwa chai palepale, na mgonjwa anakunywa kwanza, aliyeleta akimtazama, ili aende nyumbani na moyo mweupe. Kumkatalia ni kumwambia mkono wake una ubaya.

Nikanywa. Siku ya kwanza kikombe kimoja, ya pili vitatu. Niliogopa kufa, nasema wazi, lakini niliogopa zaidi macho ya wale wanawake. Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama nikimeza, na kwa kuwa nilikuwa nimemkataza kusema, alirudi karakana. Wiki ilipokwisha nilikuwa nakwenda chooni kila saa na kiu haikatiki. Sikuhitaji kichupa cha daktari kuniambia rangi yake.

Hapo ndipo alipotokea mtani wangu. Alikuwa Mnyamwezi, Mwislamu, aliyekuja zamani kuchuma chai kwenye estate, akaolewa hukuhuku, akapewa kiwanja jirani na chetu kijiji kilipopangwa. Wanyamwezi wana utani na kila kabila walilopitia njiani, na sisi Wasambaa hatukuachwa. Aliingia kwangu bila hodi, alifunua sufuria zangu, alisema mbele za watu kwamba napika kama mfungwa. Kwa mazoea hayo ya kuingia bila hodi alikuwa amenikuta siku moja nikichomwa sindano, na kwa miaka miwili alikuwa ameifunga siri ile mdomoni, yeye ambaye mdomo wake haukujua kufungwa.

Aliponipa pole kwa titi hili la pili alisema, "Afadhali. Sasa utalala kifudifudi bila taabu." Nilicheka mpaka nikakohoa. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angethubutu.

Siku hiyo aliingia akawakuta wanawake watano, sufuria ya chai jikoni, na mimi na kikombe mkononi. Akanitazama usoni, akatazama kikombe. Akakipokonya, akakimwaga nje kwenye maua.

"Leteni sukari hapa! Yote!" Akatandika khanga yake kizingitini. "Mnataka kumuua bwanyenye wangu kabla sijamcheka nikatosheka? Hamjui? Mwalimu wenu ana kisukari! Ana ugonjwa wa Wazungu wa estate, Msambaa huyu, na anawadanganya kila Jumamosi kwa kushika jembe!"

Kama ardhi ingepasuka ningetumbukia kwa hiari yangu. Nilimwita kwa majina yote mabaya niliyoyajua, ya Kiswahili na ya Kishambaa. Alikaa palepale kizingitini, miguu imenyooka, akingoja nimalize. Ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Anachonyakua hakirudishwi, na anachokisema hakijibiwi kwa ugomvi.

Kisha mmoja wa wale wanawake, mkubwa kuliko wote, niliyemshikia kalamu mwezi mzima mpaka akaandika jina lake, akasema polepole, "Mwalimu, si ulituambia asiyeelewa anyooshe mkono, hakuna wa kumcheka? Wewe wako ulikuwa wapi?"

Yule mama aliinuka, akaweka kifuko chake kwenye khanga kwa mkono wake mwenyewe, na wengine wakafuata. Sukari ile ilipelekwa shamba la kijiji, ikaingia kwenye uji wa watu waliokuwa wakipalilia maharage.

Nilimnunia mtani wangu siku mbili nzima. Hakujali. Kila asubuhi aliketi mlangoni na ungo wake wa kuchambua mboga, na kila mgeni alikaguliwa. Ndizi mbivu alizila yeye, akizisifu kwa sauti. Wanawake nao walibadilika. Waliniletea mnavu, mchicha, mayai, maharage yasiyotiwa mafuta, na wakakaa kunitazama nikila majani yale kwa macho yaleyale waliyonitazama nayo nikinywa chai. Mmoja aliniuliza kama kweli mtu maskini anaweza kupata kisukari. Nikamwambia anapata, mimi hapa. Akaniambia mama yake alikuwa akinywa maji mtungi mzima kwa siku, na sisimizi walikuwa wakizunguka mahali alipokojoa, na alikufa bila mtu kujua kwa nini. Halafu akanisogezea sahani nimalize mnavu.

Wiki mbili zilizobaki zilinipa njaa, hasira, na matumaini ambayo sikutaka kuyaangalia usoni. Kiu ilipungua. Safari za chooni zikapungua. Siku ya safari, ndani ya basi, mume wangu alinishika mkono mbele za abiria, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioe.

Daktari aliweka matone, akachemsha. Buluu ikatulia, ikaanza kugeuka. Nikafumba macho.

"Mama, fumbua," akasema. "Kijani."

"Kijani kinatosha?"

"Kinatosha. Kesho asubuhi."

Kupasuliwa sikukumbuki. Nakumbuka siku zilizofuata, nikiwa nimefungwa bandeji kifua kizima. Kila aliyepita na trei nilimnusa kwanza, nikiogopa kwamba harufu mbaya inayonijia ni ya kidonda changu. Muuguzi alisema tungojee siku ya kumi na mbili.

Siku hiyo mtani wangu alikuwa amefika kwa basi la jana yake, na vumbi bado nyusini. Muuguzi alitaka kumtoa, nikasema aachwe. Bandeji ikafunuliwa tabaka kwa tabaka. Nilitazama dari. Nikasikia mkasi ukikata nyuzi moja moja, na muuguzi akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba pamefunga vizuri, pakavu, mwanzo hadi mwisho.

Nikageuka kumtazama mtani wangu, nikingoja dhihaka yake. Nilikuwa nimeiandalia jibu tangu asubuhi. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkono mdomoni, machozi yakimchirizika kwenye lile vumbi.

"Mnyamwezi wewe," nikamwambia, "umekuja kuniona au kumwagilia kidonda?"

Hakunijibu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda akanishika mguu juu ya blanketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tujuane yeye kukosa la kuniambia, na hapo ndipo nilipoamini kwamba nitaishi.