Wa Kunishikia Paka

Leo paka kaniumbua, jamani.

Kashata, paka wangu, hali kitu tangu juzi. Nikamtia kikapuni, nikampeleka kwa daktari wa mifugo hapa mjini Ibra.

Foleni nzima ni mbuzi.

"Ustadh, huyo wako anakamwa?" akauliza mmoja, wote wakacheka.

Nikawakumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa kumtesa paka kwa njaa. Hapo nilijiona mshindi.

Daktari akamfunua kinywa: fizi zimevimba. Akanipa vidonge.

"Mmoja amshike, mwengine amtilie. Nani yuko nyumbani?"

Mimi, ninayemjibu kila mtu mji huu na ninayeishi na paka tu, nikabeba kikapu nikaondoka.

Nilijaribu peke yangu. Mikono yote imechanika, kidonge kipo sakafuni.

Basi nikagonga kwa Bwana Khamis, jirani yangu Mpemba. Hanisemezi tangu nilipomwita mjinga barazani, mbele za watu, kwa siasa za Unguja za miaka ishirini nyuma. (Hoja yangu ilikuwa sahihi. Kwa hilo sirudi nyuma.)

Akamtazama paka, akanitazama mimi.

"Umekuja kubishana?"

"Nimekuja unishikie."

Akamshika palepale mlangoni, taratibu, kama mtoto mchanga. Kidonge kikapita.

"Mungu ampe afya," akasema. Ampe yeye paka, si mimi. Kisha akafunga mlango.

Sasa Kashata amelala miguuni pangu.

Kidonge chengine ni kesho asubuhi.

Nyinyi mnaonijua kwa maneno mengi, niambieni: nikigonga tena, nianze na neno lipi?